Ndeke ya Masomo, Ndeke ya Huruma, Ndeke ya Vita



Kisha Misa ya siku ya Mungu moja, kijana wa parokia alinifuata katika sakristia hapa Fungurume. Amemaliza masomo ya sekondari, hesabu anazijua vizuri, na anataka kwenda kujifunza kazi ya upiloti. Lakini nkambo yake amekataa kabisa, na katika jamaa ile neno la nkambo halivukwi. Kijana aliniomba niende kuongea na mzee.

Nilikwenda. Mzee alinipa kiti, tukanywa maji, akasema: «Baba Padri, miye nilikuwa mtoto kule Kolwezi wakati wa vita ya Katanga. Tuliona ndeke moja ndogo. Wakubwa walituambia asema ni ndeke ya masomo, ya kufundishia mapiloti. Ile ndeke ilikuwa inatoka na masasi, inarudia pasipo masasi. Sasa mujukuu wangu ataingia mu ndeke ya masomo. Nani ataniambia kama itabakia ya masomo?»

Sikumjibu siku ile. Niliona kama ulizo lake ni zito kuliko alivyofikiri, tena lahusu theolojia ya matendo tunayofundishwa seminarini. Nikatafuta. Katika kutafuta nilikuta habari ya ndeke moja ya zamani, ya Kijerumani, yenye mabawa mawili, iliyotengenezwa kwa kufundisha wanafunzi kati ya vita mbili kubwa za dunia. Ndeke hiyo iliruka katika Afrika yetu, kule Etiopia, kwa kazi ambayo watengenezaji wake hawakuifikiria. Habari zake na habari za piloti wake zinasaidia sana kumjibu nkambo. Ndizo ninazotaka kuwaeleza.

I. Nkambo hakusema uongo

Kwanza tukubali kwamba mzee alisema kweli. Katanga ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960. Katika Februari 1961 serikali ya Katanga ilipokea ndeke tatu za aina ya Fouga Magister. Fouga ni ndeke ya Kifaransa, yenye motere mbili za moto na mkia wa namna ya herufi V. Iliruka mara ya kwanza katika 1952, na kazi yake ilikuwa kufundisha mapiloti vijana: mwanafunzi anakaa mbele, mwalimu nyuma.

Ilipofika Septemba 1961, wakati vita ilipowaka kati ya askari wa Katanga na askari wa ONU, Fouga moja tu ilikuwa imebaki yenye kuruka. Ilitoka uwanja wa Kolwezi, ikapiga Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ikapiga pia askari wa Irlandi waliozungukwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Ndeke moja ya shule iliogopesha jeshi zima, kwa sababu ONU haikuwa na ndeke ya kupigana nayo. Katika 1962 Katanga ilikuwa na ndeke zingine, kati yao Harvard, nazo ni ndeke za Kiamerika za masomo, zimetiwa silaha. Tarehe 29 Desemba 1962 ndeke za vita za Uswidi, chini ya bendera ya ONU, zilipiga uwanja wa Kolwezi-Kengere, na nguvu ya anga ya Katanga ikaisha.

Basi mtoto aliyeona mambo hayo kwa macho yake hakosi akili anapoogopa jina la «ndeke ya masomo». Lakini tuone pia upande mwingine wa habari.

II. Ndeke ya mabawa mawili ni kitu gani?

Kijana wa leo anajua ndeke yenye bawa moja kuume na moja kushoto. Zamani ndeke nyingi zilikuwa na mabawa ya gorofa mbili, moja juu na moja chini, yaliyounganishwa kwa nguzo ndogo na kwa nyuzi za chuma zilizokazwa. Sababu gani kufanya hivyo?

Bawa linapopita mbio katika hewa, linasukuma hewa kwenda chini, na hewa inalisukuma bawa kwenda juu. Ndeke ikienda polepole yahitaji bawa kubwa. Ikienda mbio, bawa dogo latosha. Motere za zamani zilikuwa na nguvu kidogo, kwa hiyo ndeke zilihitaji mabawa makubwa. Lakini bawa refu sana la mti na kitambaa linavunjika upesi. Watengenezaji wakaona ni heri kugawanya bawa katika mawili mafupi na kuyafunga pamoja, moja juu ya lingine. Mwenye kuona daraja la chuma la gari la moshi anafahamu: vyuma vyembamba vilivyofungwa kwa pembe tatu-tatu vinabeba mzigo mkubwa. Mabawa mawili, nguzo na nyuzi zake hufanya sanduku gumu na jepesi namna hiyo.

Mfupa wa bawa ulikuwa wa mti. Juu yake walinyosha kitambaa na kukipaka dawa ya kukikaza, kisha kikawa kigumu sawasawa na ngozi ya ngoma. Fundi aliweza kukitengeneza kwa sindano, uzi na gundi. Ubaya wake ni kwamba nguzo na nyuzi zote zinazuiliwa na hewa, na ndeke haiwezi kwenda mbio sana. Kwa hiyo, katika miaka ya 1930, motere zilipopata nguvu na watu walipojua kutengeneza bawa lote kwa chuma chepesi, ndeke za mabawa mawili zilianza kuachwa katika kazi ya vita na ya safari.

Lakini shuleni zilibaki muda mrefu. Mwanafunzi hahitaji mbio. Anahitaji ndeke inayotua polepole, isiyovunjika akianguka kidogo, na inayomsamehe akikosa. Viti vilikuwa viwili, moja nyuma ya kingine, wazi, upepo ukipiga usoni. Mbele ya kila kiti palikuwa fimbo ya uongozi, na fimbo hizo mbili zilifungwa pamoja: mwalimu akivuta yake, ya mwanafunzi inavutika pia. Hivi mwanafunzi alijifunza kwa mkono mwenyewe, na mwalimu alisikia kila kosa lake katika kiganja. Siku moja mwalimu anashuka, anamwambia mwanafunzi aruke peke yake. Mapiloti wote wanasema siku hiyo haisahauliki.

III. Sababu gani Ujerumani ilikuwa na ndeke nyingi za masomo?

Kisha vita ya 1914-1918, Mapatano ya Versailles ya tarehe 28 Juni 1919 yalikataza Ujerumani kuwa na jeshi la anga. Ndeke za vita ziliharibiwa ao zilitolewa kwa washindi. Lakini wenye kutengeneza ndeke walikuwa bado hai, na vijana wenye kutaka kuruka walikuwa wengi. Njia iliyobaki ilikuwa ndeke za michezo, za posta, za safari na za masomo.

Kati ya watengenezaji hao alikuwa Ernst Heinkel. Katika Desemba 1922 alifungua kiwanda chake Warnemünde, pwani ya Bahari ya Baltiki. Ndeke zake zingine zilitengenezwa Uswidi, pahali mapatano ya Versailles hayakufika. Katikati ya miaka ya 1920 kiwanda cha Heinkel kilitoa ndeke ya masomo yenye mabawa mawili iliyoitwa HD 21, ya mti na kitambaa. Motere yake ilikuwa Mercedes ya wakati wa vita ya kwanza, yenye nguvu ya farasi 120 hivi. Motokari nyingi zinazopita leo barabara ya Likasi na Kolwezi zina nguvu kuliko hiyo.

Je, ndeke hizo za masomo zilikuwa za masomo kweli? Zilikuwa za masomo, hakuna ubishi. Lakini wakubwa wengine wa Ujerumani walikuwa na mawazo mawili moyoni. Toka 1925 hata 1933 jeshi la Ujerumani lilikuwa na shule ya siri ya mapiloti huko Lipetsk, katika nchi ya Warusi. Na vijana wengi waliojifunza katika vyama vya michezo waliitwa jeshini baadaye. Katika 1935 serikali ya Hitler ilitangaza wazi kwamba Ujerumani ina jeshi la anga, na mkubwa wake ni Hermann Göring. Tarehe 26 Aprili 1937 ndeke za Kijerumani zilichoma mji wa Guernica katika Hispania, na kati ya ndeke hizo zilikuwamo za Heinkel.

Kiwanda kilekile basi kilitoa ndeke ya kufundisha na ndeke ya kuchoma mji. Nkambo wetu angesema: «Si niliwaambia?» Lakini ngojeni.

IV. HD 21 katika Etiopia

Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliingia Etiopia pasipo kutangaza vita. Italia ilikuwa na mamia ya ndeke. Etiopia ilikuwa na chache sana, na hata hizo si zote zilizoweza kuruka. Msalaba Mwekundu wa Etiopia ulikuwa umezaliwa mwaka uleule wa 1935. Waganga wa Kietiopia walihesabika kwa vidole. Barabara zilikuwa haba, milima ni mirefu, na mtu aliyejeruhiwa kaskazini aliweza kubebwa siku nyingi kwa machela ao kwa nyumbu mbele ya kumwona mganga. Wengi walifia njiani.

Ndipo alipofika kijana wa Uswidi, Carl Gustaf von Rosen, mwenye umri wa miaka 26. Mbele ya hapo alikuwa akionyesha michezo ya ndeke kwa watu wenye kulipa. Baba yake, Eric von Rosen, alikuwa msafiri aliyeongoza safari ya Waswidi ya Rhodesia na Kongo katika 1911-1912. Tena, jambo la kushangaza: mama mdogo wa kijana huyo, ndugu ya mama yake, alikuwa ameolewa na Hermann Göring, yule mkubwa wa ndeke za vita za Ujerumani. Katika jamaa moja, mmoja alitengeneza jeshi la anga, na mwingine alikwenda Afrika kuchukua wagonjwa.

Ndeke ya wagonjwa aliyoiendesha kwanza ilikuwa Heinkel HD 21. Ndeke ya shule ilikuwa imegeuzwa: pahali pa mwanafunzi, wagonjwa. Fikirini taabu yake. Addis Ababa iko karibu metre 2,400 juu ya bahari, juu kuliko Kolwezi yetu, ambayo iko karibu metre 1,500. Kule juu hewa ni nyepesi, imepungua karibu sehemu moja katika tano. Bawa linapata hewa kidogo ya kusukuma, na motere inapata hewa kidogo ya kuchomea esansi. Motere ya farasi 120 inakuwa kama ya farasi mia moja tu. Ndeke yataka uwanja mrefu zaidi kwa kuruka, na inapanda polepole katikati ya milima. Viwanja vyenyewe vilikuwa mashamba na malisho. Pale ndipo ulipoonekana uzuri wa ndeke ya masomo: kwa sababu ilitengenezwa kwa mikono ya wanafunzi wenye kukosa, iliweza kutua polepole, pahali pabaya, na kuruka tena.

Baadaye von Rosen aliendesha ndeke nyingine ya Msalaba Mwekundu, Fokker F.VII, iliyo kubwa zaidi. Alisafiri pamoja na mganga wa Uswisi, Marcel Junod, mjumbe wa Kamati ya Geneva ya Msalaba Mwekundu. Katika Machi 1936 ndeke za Italia ziliikuta Fokker hiyo chini, kule Korem, zikaiharibu kwa mabomu. Majeshi ya Italia yalitumia pia gesi ya ipiriti, inayochoma ngozi na mapafu, ijapokuwa Italia ilikuwa imekubali mapatano ya Geneva ya 1925 yanayokataza gesi za vita. Von Rosen mwenyewe alichomwa na gesi hiyo. Tarehe 5 Mei 1936 Waitalia waliingia Addis Ababa.

V. Neno moja la sheria: «pekee»

Wasomaji wangu wataniuliza: Je, sheria haikuilinda ndeke yenye msalaba mwekundu? Iliilinda. Mapatano ya Geneva ya 1929, katika sehemu ya 18, yalisema ndeke ya wagonjwa haipigwi. Lakini yaliweka masharti. Ipakwe rangi nyeupe. Iwe na alama ya msalaba mwekundu ionekanayo wazi, juu na chini ya mabawa. Isipite juu ya mstari wa vita pasipo ruhusa. Na sharti kubwa kuliko yote: inalindwa wakati inapotumika pekee kwa kuchukua wagonjwa, waganga na dawa.

Neno hilo, «pekee», ndilo msingi. Rangi nyeupe haiifanyi ndeke kuwa ya huruma. Inatangaza tu kwamba ni ya huruma. Ikibeba sanduku moja la masasi chini ya machela, rangi inakuwa uongo. Na uongo huo hauishii kwake: adui akigundua mara moja, hatasadiki tena msalaba wa ndeke nyingine, hata iliyo safi.

Waliotenda dhambi katika Etiopia ni wale waliovunja sharti hilo kwa upande wa pili, waliopiga alama wakiijua. Tarehe 30 Desemba 1935 mabomu yalianguka juu ya hospitali ya hema ya Msalaba Mwekundu wa Uswidi kule Melka Dida. Mswidi mmoja alikufa, pamoja na wagonjwa wengi wa Kietiopia. Tusisahau hao wagonjwa, maana vitabu vingi vinaandika jina la Mzungu na kuacha yao.

VI. Piloti yuleyule, mabawa mengine

Kama habari ingeishia hapa, ningemwambia nkambo: ona, ndeke ya masomo ilikuwa ndeke ya huruma, mwachie mjukuu aende. Lakini maisha ya von Rosen yaliendelea.

Katika vita ya Finland na Warusi, 1939-1940, alipata ndeke DC-2, ndeke ya abiria, ikatiwa mabomu, naye akaiendesha usiku kupiga Warusi. Kisha vita kubwa alirudi Etiopia, akafundisha mapiloti wa Mfalme Haile Selassie toka 1945 hata 1956. Katika Agosti 1968, wakati wa vita ya Biafra, aliongoza ndeke yenye chakula cha makanisa, akiruka chini sana ili asionekane, akafika uwanja wa Uli pahali watoto walikuwa wakifa kwa njaa. Wakatoliki na Waprotestanti walifanya kazi hiyo pamoja usiku kwa usiku, na wengine walikufa humo. Mpaka hapo, von Rosen wa Etiopia ndiye yuleyule.

Lakini kisha kuona ndeke za Nigeria zikipiga watu, aligeuka. Alinunua ndeke tano ndogo za Kiswidi, MFI-9, za viti viwili, namna ya ndeke za kujifunzia. Akazitia roketi chini ya mabawa. Tarehe 22 Mei 1969 zilipiga uwanja wa Port Harcourt, na baadaye viwanja vingine. Siku 14 kisha shambulio la kwanza, tarehe 5 Juni 1969, ndeke ya vita ya Nigeria iliangusha ndeke ya Msalaba Mwekundu iliyobeba chakula. Piloti na wenzake walikufa. Kamati ya Geneva ikasimamisha ndeke zake za usiku, na wenye njaa wakakosa chakula kile.

Sisemi kwamba roketi zile peke yake ziliiangusha ndeke ile. Aliyeipiga ana hukumu yake. Lakini msomaji anaona jinsi mambo yanavyoshikana. Mtu yuleyule, mwaka mmoja, alijulikana kama piloti wa chakula. Mwaka uliofuata, kama piloti wa roketi. Angani, usiku, nani atapambanua?

Tena kuna mwisho wa habari. Katika njaa kubwa ya Etiopia, miaka ya 1974 na 1975, von Rosen alirudi na ndeke ndogo za Kiswidi, ndugu za zile za Biafra. Pahali pa roketi, chini ya mabawa, walifunga mifuko ya chakula, nao waliiangusha katika vijiji visivyo na barabara. Alikufa tarehe 13 Julai 1977 huko Gode, katika vita ya Ogaden, alipokuwa Etiopia kwa kazi ya kuwasaidia wenye njaa.

VII. Theolojia ya matendo yasema nini?

Waseminari wanayajua maneno haya mawili ya walimu wetu: finis operis na finis operantis. La kwanza ni kusudi la kitu ao la tendo lenyewe. La pili ni kusudi la mwenye kutenda. Kusudi la ndeke ya HD 21, kama kitu, ni kufundisha kuruka. Kuruka ni jambo jema. Ni tunda la akili ambayo Mungu alimpa mtu. Wala Kanisa halikuogopa ndeke. Papa Benedikto XV, tarehe 24 Machi 1920, alimweka Mama Maria wa Loreto kuwa msimamizi wa wasafiri wa anga, na Rituale Romanum lilipata sala ya kubariki ndeke. Katika 1927 Padri Paul Schulte, Mjerumani wa shirika la Oblati wa Maria Imakulata, alianzisha chama cha MIVA kwa kuwapatia wamisionari vyombo vya safari. Sababu yake ilikuwa kifo cha mwenzake, aliyekufa Afrika katika 1925 kwa kukosa njia ya kufikishwa kwa mganga.

Tunasema pia: abusus non tollit usum, matumizi mabaya hayaondoi matumizi mema. Kisu cha jikoni hakitupwi kwa sababu mtu alichoma nacho mwenzake. Mpaka hapa kijana ana haki.

Lakini wako wenzetu wanaotumia maneno hayo kwa haraka, wakidhani kusudi jema la mtu latosha kwa kusafisha kila tendo. Hapo nkambo anatusahihisha. Von Rosen alikuwa na kusudi jema katika Etiopia, na bila shaka alidhani analo katika Biafra: huruma ileile kwa watu walioonewa. Hata hivyo siku alipofunga roketi chini ya bawa, tendo lenyewe liligeuka, si moyo wake tu. Kuna wakati mtu ana haki ya kujilinda kwa silaha, Kanisa halikatai. Lakini hawezi kushika kwa mkono mmoja silaha, na kwa mkono wa pili alama ya Msalaba Mwekundu, akaomba wote wawili waheshimiwe. Ndiyo maana ya «pekee».

Na jambo la tatu ni zamiri. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika Gaudium et spes ya tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba utii wa upofu hauwaondolei hatia wale wanaofuata amri ya kutenda uovu wa namna ile. Askari ao piloti hawezi kusema mbele ya Mungu: «Niliambiwa.» Ilipasa zamiri yake iwe imefundishwa mbele ya siku ya amri kufika, maana siku ile hakuna tena wakati wa kusoma.

VIII. Na sisi wa Fungurume?

Msomaji mmoja atasema: mambo ya ndeke ni ya wakubwa, sisi tuna mawe tu. Nami namjibu: hayo mawe ndiyo yanayotuunganisha nayo. Shaba na kobalti zinatoka vilimani mwetu kila siku katika malori. Kobalti inaingia katika betri za motokari, za simu, na vyombo vya hospitali. Inaingia pia katika chuma kinachovumilia moto mkali ndani ya motere za ndeke, za abiria na za vita. Mchimbaji wetu hajui jiwe lake litakuwa nini. Hana hatia kwa lile asilolijua wala asiloweza kulizuia. Lakini mtoto wake anayesoma, atakayekuwa fundi, mwanasheria, piloti ao mkubwa wa serikali, huyo atakaa pahali pa kujua na pa kusema ndiyo ao hapana. Kwa sababu hiyo nisingependa watoto wetu wazuiliwe masomo. Wakikataa wao kukaa katika kiti cha piloti, kiti hakitabaki tupu, atakaa mwingine.

Nilirudi kwa nkambo na habari hizi. Nilimweleza ndeke ya Etiopia, nikamweleza pia Biafra, maana sikutaka kumpa nusu ya kweli. Alisikiliza hata mwisho. Kisha akauliza: «Sasa, siku watamuambia mutoto wangu afunge masasi chini ya mabawa, nani atakuwa pamoja naye?» Nikamwambia: «Baba, siku ile hakuna atakayekuwa naye ila Mungu na yale tuliyomfundisha.» Akanyamaza. Akasema: «Basi mumufundishe kwanza. Kisha tutaongea.»

Kijana yule sasa anakuja kwangu kila juma na wenzake watatu. Tunasoma amri za Mungu, tunasoma habari za watu waliokataa amri mbaya na walioshindwa kukataa. Nkambo hajasema ndiyo. Lakini hasemi tena hapana.

Wakatekista wangu, ninyi mnakaa na vijana kuliko sisi. Mkumbuke ile ndeke ya viti viwili na fimbo mbili zilizofungwa pamoja. Ekaristia, maungamo, katekisimu, mafundisho ya ndoa: katika hayo yote mkono wetu uko bado juu ya fimbo, na tunasikia makosa yao katika kiganja. Mwalimu mbaya haachi fimbo kamwe, na mwanafunzi wake hajui kuruka. Mwalimu mwingine mbaya anashuka mapema, na mwanafunzi anaanguka. Tuwaombee busara ya kujua siku ya kushuka, sisi na wale wanaotulea seminarini. Na siku hiyo tukishuka, tusiache kuwaombea wanaporuka.